Mwanao Anapokwenda Kupanda Mlima: Maandalizi ya Safari Ndefu kwa Pesa Kidogo

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, endelea kupika, bora sikio liwe hapa. Kama una kalamu, isogeze karibu, maana leo kuna vipimo vya kuandika.

Leo tutazungumza juu ya jambo linaloingia nyumbani kwa njia ya karatasi. Mtoto anarudi kutoka shuleni na barua. Maskauti, au vijana wa Tuzo ya Rais, wanakwenda kutembea siku nne na kulala kwenye mahema. Mzazi aweke sahihi. Chini ya barua kuna orodha ya vitu: viatu vya kupandia mlima, jaketi, mfuko wa kulalia, koti la mvua. Unaitazama orodha, halafu unakitazama kibeti. Wako wanaokataa papo hapo kwa sababu ya pesa. Wako wanaoweka sahihi upesi, halafu mtoto akaondoka na raba zilizotoboka na sweta ya shule. Wote wawili wanahitaji mazungumzo ya leo.

Nitachukua mfano wa Mlima Kenya, kwa sababu vijana wetu wengi hupelekwa huko. Kilele cha Batian kina mita 5,199, na hicho ni cha wapandaji wa kamba. Vijana huenda Point Lenana, ambayo ina mita 4,985. Huko watu hufika kwa miguu, lakini usidhani ni matembezi ya kwenda sokoni. Usiku maji huganda yakawa barafu, ingawa mlima uko karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Kwanza, kabla ya kununua chochote, mpime mtoto mwenyewe. Je, ana pumu? Ana kifafa? Ana kisukari? Ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita siko seli? Ana tatizo la moyo? Kama jibu ni ndiyo, nenda naye kwa daktari kabla ya kuweka sahihi. Kwa mtoto mwenye selimundu jambo hili si la mjadala. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, na mwili wake unaweza kuingia katika maumivu makali yanayohatarisha maisha. Asipande mlima mrefu bila idhini ya daktari anayemtibu.

Mama mmoja alinijia kliniki akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuacha kuandika habari ya pumu kwenye fomu ya shule. Binti yake alikuwa amemsihi, "Mama, wakijua wataniacha." Nilimwambia hivi: pumu ikimshika saa nane za usiku ndani ya hema, mwalimu asiyejua atadhani ni baridi tu. Mwalimu anayejua atatafuta pampu mara moja. Tuliandika barua pamoja, binti akapimwa, daktari akamruhusu, akaenda na pampu mbili. Moja aliibeba yeye karibu na mwili isipate baridi, na moja akabeba mwalimu. Kwa hivyo, mama, usifiche ugonjwa kwenye fomu. Ukweli wako ndio unaompa mwalimu uwezo wa kumsaidia mwanao.

Pili, mwili uzoeshwe. Anza wiki sita au nane kabla ya safari, na mazoezi haya hayana gharama. Jumamosi mtume sokoni kwa miguu badala ya matatu. Wiki ya kwanza atembee kilomita nne au tano, halafu aongeze polepole. Kama kuna kilima karibu nanyi, apande na kushuka. Wiki za mwisho abebe begi lenye vitu ndani. Mzigo wa kijana usizidi robo ya uzito wake, na ukiwa chini ya hapo ni afadhali. Kijana wa kilo 48 asibebe zaidi ya kilo 12. Pima begi kwenye mizani ya dukani kabla hajaondoka.

Tatu, pesa. Kama ni kidogo, zitumike kwa mpango huu: kwanza miguu, pili mvua, tatu baridi ya usiku. Mengine yote yanaweza kuazimwa.

Miguuni anahitaji kiatu kigumu chenye soli yenye meno na nafasi ya vidole. Mitumba inatosha kabisa. Mpeleke mwenyewe akajaribu, saa za jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na akiwa amevaa soksi nene. Kikunje kiatu uone kama soli imeanza kuachana. Kiatu kipya kisivaliwe siku ya safari. Akivae nyumbani na katika mazoezi kwa wiki kadhaa, kwa maana kiatu kisichozoewa huleta malengelenge, na lengelenge moja kwenye kisigino linaweza kumkalisha chini kijana mwenye nguvu. Mfundishe hivi: akisikia mahali panachoma, asimame hapo hapo abandike plasta, asingoje kufika kambini. Lengelenge likitokea asilichune ngozi. Alifunike kwa kitambaa safi.

Mvua nayo ni adui mkubwa. Mtu aliyelowa hupoteza joto haraka mno. Koti la mvua la nailoni si ghali, na karatasi kubwa ya nailoni ndani ya begi huzuia nguo zisilowe. Suruali ya jinzi ibaki nyumbani. Ikilowa huwa nzito na haikauki, inamgandia mwilini kama kitambaa cha baridi. Badala yake tafuta sweta za sufu au jaketi za manyoya mepesi kwenye mitumba. Nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda koti moja zito. Ongeza glavu na boshori. Na weka seti moja kavu ya kulalia, soksi zikiwemo, ambayo haitavaliwa mchana hata kidogo.

Kuhusu kulala, kumbuka kwamba baridi nyingi hutoka ardhini. Hata blanketi nzito halisaidii kama mgongo uko juu ya udongo. Tandika nailoni, halafu kipande cha sponji, ndipo blanketi au mfuko wa kulalia. Mahema ulizia kwa maskauti, kanisani, msikitini au kwa shule jirani. Wazazi watano wakichanga pamoja, hema moja na sufuria moja hutumika na watoto wote watano.

Nne, chakula na maji. Huku nyumbani tunajua githeri hushibisha. Lakini juu mlimani maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa hivyo mahindi na maharagwe makavu hayaivi, na mafuta ya stovu yanaisha bure. Abebe vyakula vinavyoiva upesi: unga wa uji, ndengu zilizochemshwa na kukaushwa nyumbani, mchele kidogo, omena kavu. Mfukoni awe na njugu karanga, sukari au ndizi za kukausha, ale kidogo kidogo njiani. Mtu aliyechoka milimani huwa hana hamu ya kula, kwa hivyo mwambie ale hata kama hasikii njaa.

Maji anywe kama nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi jua likiwa kali. Maji ya mto yanaonekana safi, lakini wanyama wako juu, na watu wengine wamepiga kambi juu. Yachemshwe. Yakishaanza kutokota, yaachwe yaendelee kwa dakika tatu. Au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti. Choo kiwe shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na mto, angalau hatua 70, na mikono ioshwe kwa sabuni. Pakiti za chumvi na sukari za kutibu kuhara, zile za ORS, ziwe kwenye begi. Zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa, visiwe na kilima. Usizidishe chumvi.

Wasichana wafungiwe pedi za kutosha kwenye nailoni kavu, hata kama hedhi haijafika siku zake. Mazoezi na baridi vinaweza kubadilisha tarehe. Wabebe pia mfuko wa kurudishia zilizotumika.

Sasa nifike kwenye mambo matatu yanayoua. Hapa naomba umwite mtoto mwenyewe asikilize.

La kwanza ni ugonjwa wa mwinuko. Unaweza kumpata mtu yeyote akipita mita 2,500, hata mwanariadha wa shule. Huanza saa chache baada ya kufika juu: kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, usingizi mbaya. Kinga yake ni kupanda polepole. Mtu akishapita mita 3,000, kila usiku alale mahali pasipozidi sana mita 500 juu ya alipolala jana, na kila siku tatu au nne apumzike siku moja. Katika njia ya Sirimon, kambi ya Old Moses iko kama mita 3,300, na kambi ya Shipton's iko kama mita 4,200. Hiyo ni tofauti ya mita 900. Kwa hivyo, mama, muulize mwalimu: "Mmeweka usiku wa ziada wa kuzoea?" Safari ya siku moja zaidi inaongeza gharama ya chakula, ni kweli. Lakini hiyo si siku ya kupunguzwa ili kuokoa pesa.

Mtoto akiumwa kichwa huko juu, asipande zaidi. Asimeze dawa ya maumivu ili aendelee kupanda. Akizidi kuumwa, ashuke. Na akianza kupepesuka kama mlevi, kusema maneno yasiyoeleweka, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ashushwe wakati huo huo, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake. Kungoja asubuhi kunaweza kumuua.

La pili ni mwili kupoa. Mtoto anatetemeka, ulimi unakuwa mzito, anajikwaa, anakuwa mzembe wa kujibu. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike pamoja na mwenzake, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama ana fahamu kamili. Asipewe pombe. Asisuguliwe mikono na miguu. Kutetemeka kukikoma na yeye bado ni baridi, usifurahi. Hiyo ni hali mbaya zaidi, anahitaji hospitali.

La tatu ni jiko ndani ya hema. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Watoto wanaingiza jiko ili wapate joto, wanafunga zipu, wanalala, hawaamki. Stovu ya mafuta au ya gesi nayo ni vivyo hivyo. Mpikie nje, uzimie nje. Mwambie mwanao akurudilie maneno haya kwa sauti: jiko halilali hemani.

Kabla sijaaga, haya hapa maswali matano ya kumpelekea mwalimu. Nani anayeongoza, na anaijua njia? Nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza? Mmeweka siku ngapi za kupanda? Mtoto akiugua, nani atashuka naye, na kwa gari gani kutoka langoni? Je, askari wa hifadhi wamepewa majina ya wote wanaoingia? Mwalimu mzuri hatakasirika ukiuliza. Andika pia nambari za dharura, 999 na 112, kwenye karatasi ya mfukoni mwa mtoto, pamoja na jina lake, nambari yako ya simu na ugonjwa wowote alio nao.

Na jambo la mwisho ni la nyumbani, halinunuliwi. Vijana wengi huficha maumivu ya kichwa kwa sababu wanajua mama alikopa ili waende, nao wanaona aibu kurudi bila kufika kileleni. Mtoe mwanao katika mtego huo kabla hajaondoka. Mwambie: "Pesa nimelipa ili uende na urudi. Kilele ukikiacha, sitakuuliza kitu." Mwambie mbele ya baba yake, au mjomba, au yeyote anayemhofia, ili ajue nyumba nzima imekubali.

Kama una swali, mwone mhamasishaji wa afya wa kijiji chako au ufike zahanati iliyo karibu nawe. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya chanjo za watoto wachanga.