Toni, Irabu na Mtoto wa Darasa la Kwanza: Elimu ya Lugha Mbili katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Elimu ya lugha mbili kwa watoto wadogo huzungumzwa siku hizi kana kwamba ni anasa ya mijini. Mwaka 2019 Kenya ilitangaza azma ya kufundisha Kichina katika shule za msingi, na kabla ya hapo, mwaka 2013, Taasisi ya Confucius ilikwisha kufunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Tarime na Serengeti elimu ya lugha mbili imekuwapo siku zote, ila haijapewa jina hilo. Mtoto huja shuleni na Kikuria, Kingoreme, Kinata au Kiikoma, akakutana na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali.

Mtoto huyo haji mikono mitupu. Katika kitenzi cha Kikuria, toni ya juu huanzia kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au hata ya nne ya shina, kutegemea njeo. Wanaisimu wameusumbukia mfumo huu kwa miaka mingi. Mtoto wa miaka mitano huutumia bila kukosea. Mwalimu wa Kichina husisitiza toni tangu somo la kwanza, na wazazi hulipa ada kwa ajili hiyo. Mtoto wa Kikuria aliye na toni tayari hapati hata alama moja kwayo.

Anachopata ni kosa. Kikuria hakitofautishi /r/ na /l/, hivyo mtoto huandika *rara* kwa maana ya *lala*, na kalamu nyekundu humhukumu kuwa hajui kusoma. Kumbe amesikia sawasawa kwa masikio ya lugha yake. Kikuria kina irabu saba, Kiswahili tano. Mwalimu asiyelijua hilo hawezi kupambanua kosa la lugha na kosa la akili, na watoto wengi huanza kuitwa wazito papo hapo.

Mpaka wa kikoloni umeigawa jamii hii. Ng'ambo ya Sirari, mjini Isebania, sera ya Kenya tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 inaruhusu lugha ya eneo katika madarasa ya mwanzo. (Utekelezaji ni habari nyingine: mzazi wa huko naye hupenda kusikia Kiingereza mapema.) Upande wa Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliweka Kiswahili tangu elimu ya awali. Uamuzi huo una sababu nzito, na hakuna haja ya kuutangua ili kumsaidia mtoto.

Mkoa wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014. Katika programu yake ya utayari wa shule, wasaidizi waliotoka katika jamii yenyewe waliwaingiza watoto katika Kiswahili kwa hadithi na michezo. Msaidizi wa namna hiyo huelewa kwa nini mtoto amesema *rara*. Mwalimu aliyeajiriwa kutoka mkoa wa mbali angeweza kuelewa vilevile, lau angefundishwa fonolojia ya Kikuria kwa saa chache tu kabla ya kukabidhiwa darasa.