Mafuta ya Safari

Somo: Mathayo 25:1-13



Nabii Yeremia, katika mlango wa 8, atukumbusha kwamba hata ndege wa angani wazijua nyakati zao za kusafiri. Leo na tumtazame mmoja wao. Ni ndege wa pwani, mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu, azaliwaye huko Alaska. Baridi ikikaribia, huvuka bahari ya Pasifiki kwenda kusini. Mwaka 2022 ndege mchanga wa jamii hiyo, wa miezi mitano tu, alifungwa chombo kidogo cha kuonyesha njia yake. Aliruka toka Alaska mpaka Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11, bila kutua.

Alikula nini njiani? Hakula kitu. Chakula chake alikila kabla. Ndege hawa hushinda matopeni ufuoni wakila chaza wadogo na minyoo, hata mafuta yaweza kupita nusu ya uzito wao. Kisha matumbo yao hunywea, maana safarini hayana kazi, ni mzigo tu. Mafuta yale ndiyo nguvu ya mbawa. Asiyeyaweka kwa wakati wake hawezi kuazima kwa mwenzake katikati ya bahari.

Hapa twawakumbuka wale wanawali watano waliokwenda kutafuta mafuta usiku wa manane, wakaukuta mlango umefungwa.

Sisi wachungaji huitwa hospitalini usiku. Tumewaona wagonjwa wasioweza tena kushika kitabu. Mmoja hutikisa midomo, na Zaburi aliyofundishwa na mama yake hutoka yenyewe. Mwingine hutushika mkono na kusema, "Mchungaji, nataka kuomba, lakini sijui nianzie wapi." Twaomba pamoja naye, na Bwana ni mwenye rehema, hata yule mhalifu msalabani alipokewa. Lakini twasikitika, kwa kuwa miaka ya kula ilikuwapo, naye aliipita na njaa.

Ndugu msikilizaji, leo ungali ufuoni. Macho yaona, Biblia i mezani. Usingoje bahari. Soma mistari michache usiku huu, uwafundishe na watoto wako.

Na tuombe. Ee Bwana, utulishe Neno lako leo, tupate nguvu siku ile tusipoweza kula. Amina.