SOMO LA REDIO: PAMPU YA MAFUTA YA TREKTA DOGO

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza habari za pampu ya mafuta.

Wilaya ya Same ina milima na tambarare. Huko juu Mamba na Myamba tangawizi hulimwa mteremkoni, na jembe la mkono ndilo lenye kazi. Huku chini, Ndungu na Kihurio, mashine hufaa zaidi. Pawatila nyingi za dizeli hazimo katika somo hili, maana tangi liko juu na mafuta hushuka yenyewe. Sisi tunasema juu ya trekta dogo la petroli, lenye tangi chini ya kabureta.

Trekta hilo lina pampu inayoendeshwa na injini. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha mpira. Kiwambo kikivutwa, petroli huingia. Kikirudi, petroli husukumwa mpaka kwenye kabureta. Kiwambo kikipasuka, injini hukosa nguvu, na pengine petroli huingia ndani ya oili. Ukisikia oili inanuka petroli, usiwashe injini. Tengeneza pampu, kisha badili oili.

Wengine huondoa pampu hiyo na kuweka ya umeme wa betri. Faida ipo. Pampu ya umeme hufungwa karibu na tangi, mbali na joto la injini; kwa hiyo siku za jua kali la Same petroli haichemki upesi ndani ya bomba. Lakini shikeni mambo manne.

1. Fungua waya wa betri kwanza. Fanya kazi nje, injini ikiwa baridi. Pasiwe na moto wala sigara.

2. Nunua pampu ya kabureta. Hiyo husukuma kwa nguvu ndogo, kama paundi 2 au 3 kwa inchi ya mraba. Pampu ya gari la kisasa yaweza kupita paundi 40, nayo itafurisha kabureta.

3. Ziba vizuri tundu la pampu ya zamani. Weka chujio kabla ya pampu mpya, na fyuzi karibu na betri.

4. Pampu izimike injini inapozimika.

Jambo la nne ndilo kubwa. Pampu ya zamani ilisimama pamoja na injini. Ya umeme haijui kama injini imesimama. Tuseme trekta limepinduka kwenye tuta na bomba limekatika. Injini imekufa, lakini swichi haijafungwa. Pampu itazidi kumwaga petroli juu ya chuma chenye moto, na dereva amelaliwa na trekta. Basi mwambieni fundi apitishe umeme wa pampu katika swichi ya mgandamizo wa oili. Injini isiyo na pampu ya oili ifungiwe swichi inayokata umeme trekta linapopinduka. Gharama yake ni ndogo kuliko uhai wa mtu.

MASWALI
1. Oili ikinuka petroli, maana yake nini?
2. Kwa nini pampu ya gari la kisasa haifai?
3. Trekta likipinduka, ni kitu gani kitaisimamisha pampu ya umeme?

Jibuni pamoja na mwalimu wenu. Kwaherini.