Mzigo Ulioshushwa Mlangoni pa Familia: Tabaka la Kati la Marekani Kati ya Uchumi na Siasa



Nimeombwa nizungumzie mashinikizo yanayolikabili tabaka la kati nchini Marekani. Mada za namna hii kwa kawaida huanza na kuishia kwenye mishahara: imepanda au imedumaa, na kwa kiasi gani. Nitaigusa mishahara, lakini hoja yangu iko kwingine. Naamini kilicholielemea tabaka hili zaidi ni kuhamishwa kwa hatari za maisha, yaani ugonjwa, uzee na kupoteza kazi, kutoka mabegani mwa mwajiri hadi mlangoni pa familia moja moja. Mbegu ya uhamisho huo ilipandwa katika miaka ile ile ambayo Wamarekani wengi huikumbuka kama miaka ya neema.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Kituo cha utafiti cha Pew huihesabu kaya kuwa ya kipato cha kati ikiwa mapato yake yanaanzia theluthi mbili ya yale ya kaya iliyo katikati kabisa nchini na hayazidi mara mbili yake. Kwa kipimo hicho, mwaka 1971 watu wazima 61 katika kila 100 waliishi katika kaya za kati. Mwaka 2021 walikuwa 50. Waliotoka hapo hawakuelekea upande mmoja: kundi la juu lilikua kutoka 14 hadi 21, na la chini kutoka 25 hadi 29. Kwa hiyo wanaosema tabaka zima limeporomoka wanakosea, na ni wajibu wetu kulisema hilo waziwazi. Wengi walipanda. Lakini hata waliobaki katikati wanaishi maisha tofauti na waliokuwa hapo miaka 50 iliyopita, na tofauti hiyo haionekani kwenye hati ya mshahara.

Mkataba wa Detroit

Tarehe 23 Mei 1950 kampuni ya General Motors na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, walifikia mkataba wa miaka mitano. Jarida la Fortune liliuita Mkataba wa Detroit, mithili ya mapatano ya mataifa mawili baada ya vita. Jina hilo halikutiwa chumvi, kwani miaka michache tu kabla yake wafanyakazi wa kampuni hiyo walikuwa wamegoma kwa siku 113. Chini ya mkataba huu mshahara ungefuata gharama za maisha, na juu yake kungekuwa na nyongeza ya kila mwaka. Kampuni ingelipa pensheni, na ingechangia nusu ya gharama za bima ya afya. Chama nacho kilikubali utulivu kazini kwa miaka yote mitano, na kikawaachia wakurugenzi maamuzi ya nini kitengenezwe, kitengenezwe wapi, na kiuzwe kwa bei gani.

Walter Reuther, kiongozi wa UAW, alikuwa na ndoto kubwa zaidi. Katika mgomo wa 1945 na 1946 alidai nyongeza ya asilimia 30 bila magari kupandishwa bei, na akaitaka kampuni ifungue vitabu vyake vya hesabu. Alitaka pia bima ya afya kwa taifa zima. Rais Harry Truman alilipeleka pendekezo la bima hiyo Bungeni Novemba 1945, chama cha madaktari kikalipinga kwa nguvu zote, likafa. Mwaka 1947 Bunge likapitisha sheria ya Taft-Hartley iliyovibana vyama vya wafanyakazi, ingawa Truman alikuwa ameikataa kwa kura ya turufu. Njia ya Washington ilipozibwa, Reuther alikwenda kukidai kiwandani kile ambacho taifa lilikataa kukitoa.

Hapa ndipo kilipo kiini cha mada yangu. Bima na pensheni zikawa haki ya mwenye kazi fulani katika kampuni fulani, badala ya kuwa haki ya raia. Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, na fundi wa magari wa Coventry aliyepoteza kazi aliendelea kutibiwa kama jana. Mwenzake wa Detroit alipoachishwa kazi, bima nayo iliweza kumponyoka. Katika miaka ya 1950 jambo hilo halikuwasumbua wengi, kwa sababu kazi zilikuwapo na karibu theluthi moja ya wafanyakazi walikuwa ndani ya vyama.

Nao walioachwa nje ya neema hiyo walikuwa wengi tangu mwanzo. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 haikuwagusa vibarua wa mashambani wala watumishi wa majumbani, kazi ambazo Wamarekani weusi wengi wa Kusini walizifanya. Dhamana ya serikali kwa mikopo ya nyumba iliviruka vitongoji vyao. Mji mpya wa Levittown, jirani na jiji la New York, ulijengwa kuanzia 1947 kwa masharti yaliyowazuia weusi kuishi humo. Sheria ya kukomesha ubaguzi wa makazi ilipofika mwaka 1968, mlango ulifunguliwa wakati viwanda vilikuwa vimeanza kuihama miji. Mwaka 2022 familia ya kizungu iliyo katikati ilikuwa na mali ya takriban dola 285,000. Familia nyeusi iliyo katikati, takriban 45,000. Mtu mwenye akiba ndogo kiasi hicho hana cha kumkinga hatari inapohamishiwa kwake.

Pensheni iliyopotea, kisha mji uliopotea

Dalili ya kwanza ilionekana mapema. Desemba 1963 kampuni ya Studebaker ilitangaza kuacha kuunda magari South Bend, Indiana. Mfuko wake wa pensheni haukuwa na fedha za kutosha. Wafanyakazi wapatao 4,000, watu wa miaka 40 na 50 waliotumikia kampuni sehemu kubwa ya umri wao, walipata takriban asilimia 15 ya kile walichostahili. Ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi sheria ya kulinda pensheni ipitishwe, mwaka 1974. Sheria hiyo ilikuwa njema na iliwaokoa wengi. Lakini waajiri waliiona pensheni kuwa deni zito lenye masharti mengi, wakaanza kutafuta pa kutokea.

Walipata pa kutokea katika sheria ya kodi ya 1978, kifungu cha 401(k). Kifungu hicho kilimruhusu mfanyakazi kuweka akiba ya uzeeni kutoka mshahara wake kabla ya kukatwa kodi, na mwajiri akipenda amchangie. Kilionekana jambo dogo, ila ndani ya miaka michache kampuni ziliona kwamba kwa njia hii zingeweza kuchangia bila kuahidi chochote. Katika pensheni ya zamani, soko la hisa likianguka ni kampuni iliyotafuta fedha za kuziba pengo. Katika akaunti mpya anayeziba pengo ni mstaafu, kwa kula kidogo au kurudi kazini. Mwanasayansi wa siasa Jacob Hacker aliandika kitabu kizima kuhusu uhamisho huu mwaka 2006, na miaka miwili baadaye soko liliporomoka kwa namna iliyothibitisha kila ukurasa.

Wakati huo kazi zenyewe nazo zilikuwa zikiondoka. Jumatatu tarehe 19 Septemba 1977, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake kikubwa cha chuma karibu na Youngstown, Ohio. Kazi zipatazo 5,000 zilipotea kwa tangazo moja, na viwanda vingine vya bonde lile vikafuata. Wakazi huiita siku hiyo Jumatatu Nyeusi. Kumbukeni kile ambacho Mkataba wa Detroit na mikataba mingine ya mfano wake iliwaachia wakurugenzi: uamuzi wa wapi bidhaa itengenezwe. Wafanyakazi, makanisa na wanasheria wa Youngstown walijaribu kuokoa kiwanda kwa kukinunua wenyewe; serikali ya shirikisho haikutoa dhamana ya mikopo waliyoiomba, na jaribio likafa.

Mengine yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita haraka. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na waajiri wa sekta binafsi wakaelewa kuwa mgomo sasa unaweza kuvunjwa hadharani. Mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada ulianza 1994. China iliingia Shirika la Biashara Duniani mwishoni mwa 2001. Kazi za viwandani, zilizofikia kilele cha zaidi ya milioni 19 mwaka 1979, zilishuka hadi takriban milioni 11.5 mwaka 2010.

Bima kama kamba

Tuitazame bima ya afya ilivyo leo. Kwa hesabu za taasisi ya KFF, bima ya familia inayotolewa kupitia mwajiri ilifikia wastani wa dola 25,572 kwa mwaka 2024. Mwajiri hulipa sehemu kubwa, lakini wachumi wengi wanakubaliana kwamba hatimaye fedha hizo hutoka kwenye mshahara ambao mfanyakazi angepewa. Kwa hiyo mtu anaweza kuongezewa thamani ya ajira yake mwaka hadi mwaka bila kuiona senti mkononi. Na hathubutu kuacha kazi mbaya kama ana mtoto mgonjwa. Ndugu zetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo waliohamia huko, wengi wao wakihudumia wazee na wagonjwa, wanalijua hili vizuri: wanapoambiana habari za kazi, saa na malipo hutajwa pamoja na swali kama kuna bima.

Sheria ya afya ya Rais Barack Obama ya 2010 ilianza kuifungua kamba hiyo inayoifunga bima kwenye kazi, kwa kuwawezesha wasio na bima ya kazini kununua ya kwao kwa ruzuku. Ilipita bila kura hata moja ya Warepublican. Jaribio la kuifuta lilishindwa Seneti Julai 2017 kwa kupungukiwa kura moja. Mwaka 2025 serikali ya shirikisho ilifungwa kwa siku 43, muda mrefu kuliko wakati wowote kabla ya hapo, na mzozo mkuu ulikuwa ruzuku hizo hizo. Zaidi ya miaka 80 tangu Truman, swali ni lile lile.

Linganisheni na Hifadhi ya Jamii. Baada ya marekebisho ya miaka ya 1950 ilikuja kuwafikia karibu wafanyakazi wote, wawe wamefukuzwa, wamehama au wamebadili kampuni. Mwaka 2005 Rais George W. Bush, akiwa ametoka kushinda uchaguzi, alitaka sehemu yake igeuzwe akaunti za watu binafsi. Wazee wa vyama vyote viwili walikasirika, na pendekezo halikufika hata kupigiwa kura. Haki inayoshikwa na wote ina walinzi wengi. Haki iliyofungwa kwenye kampuni ilimalizwa kiwanda baada ya kiwanda, kwa watu ambao hawakujuana.

Kura za Mahoning

Wilaya ya Mahoning, ambamo Youngstown ipo, iliwapigia kura Wademokrati kwa miongo mingi. Ukumbi wa chama cha wafanyakazi ulikuwa mahali pa kujadili mkataba, kuzika wenzao na kuambiana nani anafaa kuchaguliwa. Viwanda vilipokwenda, kumbi nazo zilipungua. Kufikia 2024 wanachama wa vyama walikuwa asilimia 9.9 ya wafanyakazi wote nchini. Mpiga kura aliyekuwa na chama akabaki na televisheni na simu.

Wakati huo huo, rais aliyetia saini sheria ya biashara huria na Mexico alikuwa Bill Clinton, Mdemokrati. Mwaka 2008 benki zilipoyumba, Bunge liliidhinisha dola bilioni 700 za kuziokoa. Mamilioni ya familia walipoteza nyumba zao, na misaada yao ilikuja polepole na kwa masharti. Kutoka katika jeraha hilo yalizaliwa makundi mawili yaliyochukiana: vuguvugu la kihafidhina la Tea Party mwaka 2009 na waandamanaji waliokalia bustani karibu na Wall Street mwaka 2011.

Julai 2017 Rais Donald Trump alihutubia Youngstown na kuwaambia wakazi wasiuze nyumba zao, kwa kuwa kazi zitarudi. Machi 2019 General Motors ilisitisha uzalishaji katika kiwanda cha Lordstown, mwendo mfupi kutoka hapo. Hata hivyo mwaka 2020 Mahoning ilimpa Trump ushindi, Mrepublican wa kwanza kuishinda wilaya hiyo katika kura ya urais tangu Richard Nixon mwaka 1972. Wachambuzi wengi waliwadharau wapiga kura hao. Mimi siwezi. Walikuwa wameahidiwa na pande zote, na angalau mmoja alikuja kutamka kwa sauti kwamba walidhulumiwa. Kosa ninaloliona liko kwenye dawa: ushuru wa chuma wa 2018 na ule wa 2025 unaweza kulinda tanuru fulani, lakini hauna kifungu kinachorudisha pensheni wala bima kwa anayelihudumia tanuru hilo.

Septemba 2023 UAW, chama kile kile cha Mkataba wa Detroit, kiligoma dhidi ya kampuni za magari za General Motors, Ford na Stellantis, na Rais Joe Biden akasimama kwenye mstari wa wagomaji, jambo ambalo hakuna rais aliyekuwa madarakani aliyekuwa amelifanya. Baada ya takriban wiki sita chama kilipata nyongeza ya asilimia 25 hadi Aprili 2028. Kilirudishiwa pia kifungu cha mshahara kufuata gharama za maisha, kilichosimamishwa wakati wa msukosuko wa 2009. Kiliomba na pensheni kwa walioajiriwa kuanzia 2007. Hilo kampuni zilikataa. Badala yake zilikubali kuweka asilimia 10 ya mshahara katika akaunti za 401(k). Zilikuwa tayari kulipa fedha nyingi zaidi kuliko ilivyotarajiwa, mradi hatari ya uzee ibaki pale ilipo. Kiongozi wa chama, Shawn Fain, ameviomba vyama vingine vipange mikataba yao iishe wakati mmoja na wa kwao, ili Mei Mosi 2028 wafike mezani pamoja. Pensheni na huduma ya afya ni miongoni mwa madai anayotaja.