Daftari la Baba

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, wanachama wenzangu, nanyi vijana mliosimama nyuma kwa uhaba wa viti:

Nimeombwa nieleze kwa nini mtu mwenye mvi, aliyekwisha kustaafu, arudi darasani. Huu ni mwaka wa tatu tunakutana wazee kumi na wawili kila Jumamosi jioni hapa Mwanza. Tunasoma fasihi, tunaandika habari za ukoo, na mara moja kwa mwezi tunatazama filamu. Majuzi ilikuwa "Arusi ya Mariamu" ya mwaka 1985. Tulibishana juu ya waganga hata mlinzi akaja kutuzimia taa.

Tulipomaliza "Maisha Yangu" ya Shaaban Robert tulipewa kazi ndogo: kila mtu aandike majina ya wazee wake, wake kwa waume. Nikaandika la baba na la babu. Hapo kalamu ikakwama. Bibi mzaa baba sisi tulimwita Bibi tu.

Nikaenda kijijini kwa shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa akijua yote. Alinipokea vizuri sana, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Binti yake ndiye aliyenifungulia sanduku. Ndani mlikuwa na daftari la baba la kisomo. Ninyi vijana hamkuwako: toka mwaka 1968 hadi 1972 mikoa yetu ya Ziwa ilikuwa na mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, na baadhi ya vitabu vyake vilimfundisha mkulima kusoma kwa habari za pamba yake mwenyewe. Baba alikwenda jioni, akitoka shamba. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza katika shule hii hii. Nikaja likizo, nikamkuta anaandika huku ulimi uko nje kama mtoto, nikacheka mbele ya wageni. Hakuandika tena nikiwapo.

Kurasa za mwanzo ni pamba, mbegu, jembe. Za mwisho ni majina ya watu wake. La mama yake ameliandika mara tisa, herufi zikiegemeana, hata la tisa likanyooka.

Jumamosi iliyofuata nililisoma darasani nikiwa nimesimama.

Daftari nimekuja nalo, liko pale mezani. Baada ya chakula anayetaka kulitazama alitazame, ila anawe mikono kwanza na kuikausha.