Majeraha ya Utotoni na Ugonjwa wa Baipola

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tungependa tuongee juu ya ugonjwa wa akili unaoitwa baipola. Ugonjwa huu humpandisha mtu na kumshusha. Akipanda halali, anaongea mbio mbio, anatumia pesa ovyo. Anaweza kuuza ng'ombe leo na kuahidi kujenga ghorofa kesho. Akishuka, hata kuoga kunamshinda, na pengine anatamani kufa. Katikati ya vipindi hivyo anaweza kuwa mzima, analima na kutoa mchango kama sisi wengine.

Wengi husema amerogwa, ama ni laana. Sivyo. Ni kweli ugonjwa huu mara nyingi hufuata ukoo, lakini ni kwa urithi wa mwili. Na urithi peke yake hauelezi yote. Mwaka wa 2016 watafiti waliweka pamoja matokeo ya uchunguzi mwingi. Waliona kwamba uwezekano wa mtu mwenye baipola kuwa aliteswa utotoni ni kama mara 2.6 ukilinganisha na watu wasio na ugonjwa huo. Kwa mateso ya moyo, yaani matusi na dharau, ulifika karibu mara 4.

Basi, majeraha hayo hufanya nini? Kwa walioteswa, ugonjwa huelekea kuanza mapema, kurudi mara nyingi zaidi na kwa ukali, na wengi zaidi hujaribu kujiua. Mtoto anayeishi kwa hofu, mwili wake huzoea kukaa macho kama mlinzi wa usiku. Akiwa mtu mzima, jambo dogo linamtikisa.

Lakini tusikimbilie kulaumu wazazi. Wako wagonjwa waliolelewa vizuri kabisa, na wako walioteswa wasiugue.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, mgonjwa asiache dawa ati kwa sababu anajisikia amepona. Akitaka kubadilisha, aongee na daktari.

Pili, akiwa tayari, amweleze daktari ama muuguzi yaliyompata utotoni, ili atibiwe kidonda hicho pia. Tusimlazimishe kusimulia mbele ya kikundi.

Tatu, tukiona amekosa usingizi siku mbili tatu na maneno yamezidi, tumpeleke kliniki mapema. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake. Na tusimfukuze kikundini. Hisa zake ni zake.

Nne, tuwalinde watoto. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka wa 2001, lakini nyumbani bado tunasema samaki mkunje angali mbichi. Kukunja siko kuvunja. Mtoto akiteswa, tupige simu 116, haina malipo.

Mkirudi nyumbani, zungumzeni haya na wenzenu. Kama yuko mmoja kikundini ambaye mlikuwa mmemkatia tamaa, mwanzeni na yeye.