Hataza Isomwe, Isiishie Kabatini
Mazungumzo juu ya ofisi za taarifa za hataza, mabadiliko yake na faida yake kwa wananchi wa Visiwani



Anapotajwa Mrajis wa hataza, fikra za watu wengi huenda kwenye fomu, ada na mihuri. Hufahamika kuwa hapo ni pahala pa kwenda mtu aliyekwisha kuvumbua kitu, akapewa cheti chake na kurudi nyumbani. Ufahamu huo si wa makosa, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ambayo ndiyo maudhui ya mazungumzo haya, ni kwamba ofisi ya hataza ni maktaba pia, na mlango wa maktaba hiyo uko wazi hata kwa mtu ambaye hajavumbua kitu chochote.

Inafaa kwanza ieleweke hataza ni nini. Hataza ni mapatano baina ya mvumbuzi na jamii. Jamii humpa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Naye mvumbuzi hutakiwa aueleze uvumbuzi huo waziwazi, kwa maneno na inapohitajika kwa michoro, kiasi cha kwamba fundi mwenye ujuzi wa kazi hiyo aweze kuutekeleza. Maelezo hayo huchapishwa, kwa kawaida miezi 18 baada ya ombi la mwanzo, ili kila mtu ayasome.

Kutokana na mapatano hayo yapo mambo matatu ambayo kila fundi anapaswa kuyajua:

(a) Hataza ina nguvu katika nchi ilikotolewa tu. Chombo kilicholindwa Japani au Ujerumani, na ambacho hakikuombewa hataza hapa, kinaweza kutengenezwa na kutumiwa hapa bila ya kuvunja hataza hiyo. Lakini hakiwezi kupelekwa kuuzwa huko kunakolindwa bila ya idhini ya mwenyewe.

(b) Muda ukimalizika, au ada ya kuiendeleza isipolipwa, haki huanguka. Maelezo na michoro hubaki, na huwa mali ya wote.

(c) Jambo lililokwisha kujulikana haliwezi kupewa hataza kwa haki. Ikiwa limepewa, basi limepewa kwa makosa, na makosa hayo yanaweza kusahihishwa na yule mwenye ushahidi.

Yote matatu yanategemea kitu kimoja, nacho ni taarifa kupatikana. Kwa miaka mingi jambo hilo ndilo lililokuwa zito.

KUTOKA MAKARATASI HADI MTANDAO WA INTANETI

Zamani maelezo ya hataza yalikuwa ni makaratasi yaliyopangwa katika makabati ya ofisi za nchi tajiri. Aliyetaka kujua kama kifaa chake ni kipya alilazimika kusafiri, au kumlipa wakala amtafutie. Mwaka 1972 Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, na Serikali ya Austria walianzisha mjini Vienna kituo cha kimataifa cha nyaraka za hataza, kilichojulikana kwa jina la INPADOC. Kazi ya kituo hicho ilikuwa kukusanya kumbukumbu za ofisi za nchi mbali mbali na kuziweka katika kompyuta kwa utaratibu mmoja, ili uvumbuzi ulioombewa hataza katika nchi kadhaa uonekane kuwa ni uvumbuzi mmoja wenye matawi mengi.

Mwaka 1973 ulitiwa saini mjini Munich Mkataba wa Hataza wa Ulaya, na Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikaanza kazi mwaka 1977. Mwaka 1991 kituo cha Vienna kiliingizwa katika ofisi hiyo. Mabadiliko hayo ya kiutawala yanaweza kuonekana kuwa ni ya kuhamisha vibao vya milangoni tu, lakini sivyo. Kwa kuunganishwa hivyo, ofisi iliyokuwa ikitoa hataza ilichukua pia dhamana ya kusambaza taarifa zake, na tangu hapo usambazaji ukawa ni sehemu ya kazi yake.

Taarifa hizo zilisambazwa kwanza katika diski za kompyuta, ambazo maktaba zilizinunua. Mwaka 1998 ofisi hiyo ilifungua katika mtandao wa intaneti huduma iitwayo Espacenet, ambayo mtu yeyote huitumia bila ya malipo. Hazina yake hivi sasa ina nyaraka zaidi ya milioni 140 kutoka sehemu zote za dunia. Mwaka 2012 iliongezwa huduma ya tafsiri kwa mashine, ambayo baadaye ilifikia lugha 32, zikiwemo Kichina, Kijapani, Kikorea na Kirusi. Mwezi wa Januari 2013 ofisi ya Ulaya na ile ya Marekani zilianza kutumia mfumo mmoja wa uainishaji, na mwaka 2019 Espacenet ikapata sura mpya ya utafutaji.

Katika lugha hizo 32 Kiswahili hakikuwamo. Jambo hilo halitajwi hapa kwa kulalamika, bali kwa kuonesha kazi iliyobaki. Maktaba imefunguliwa na nauli ya kwenda Vienna haihitajiki tena. Hata hivyo, fundi wa Kiswahili bado anahitaji mtu wa kumsomea na kumfahamisha. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu wa skuli, mwanafunzi wa chuo au ofisa wa Serikali.

KADHIA YA MANJANO NA YA MWAROBAINI

Ndugu wananchi, ili ifahamike kwamba jambo hili si la wataalamu peke yao, yatolewe mifano miwili ya vitu vilivyomo katika kila mtaa wa Unguja na Pemba.

Mwezi wa Machi 1995 Ofisi ya Hataza ya Marekani ilitoa hataza nambari 5,401,504 kwa Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi, juu ya matumizi ya manjano katika kuponesha vidonda. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi angestaajabu. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India halikuishia kwenye kustaajabu. Mwaka 1996 liliomba hataza hiyo ichunguzwe upya, na likapeleka marejeo 32, mengine ya zaidi ya miaka mia moja, pamoja na makala iliyochapishwa mwaka 1953 katika jarida la chama cha madaktari wa India. Mwaka 1997 madai ya hataza hiyo yalikataliwa.

Lipo fundisho katika kadhia hiyo ambalo halifai kupita hivi hivi. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, matumizi ya kitu katika nchi ya kigeni hayakuhesabiwa kuwa ni ushahidi wa kujulikana kwake, isipokuwa kama yameandikwa katika chapisho au katika hataza. Mabibi elfu wangeweza kushuhudia kwamba waliyatumia manjano tangu utoto wao, na ushahidi wao usingetosha. Kilichoshinda ni maandishi.

Mfano wa pili ni wa mwarobaini, mti ambao kwa Waswahili jina lake peke yake linatangaza maradhi arubaini. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza juu ya dawa ya kuua ukungu wa mimea iliyotokana na mafuta ya mti huo, kwa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Pingamizi zilipelekwa, ushahidi ukatolewa kwamba jambo hilo likijulikana na kutumika India kabla ya ombi, na mwaka 2000 hataza ikafutwa. Rufaa iliyokatwa ilitupwa mwezi wa Machi 2005. Kutoka siku ya kutolewa hadi siku ya kumalizika, kadhia hiyo ilichukua zaidi ya miaka kumi.

India ilijifunza kwamba ni nafuu kuzuia kuliko kufuta. Kuanzia mwaka 2001 ilianza kutengeneza hazina ya elimu ya asili, ikiyatoa maarifa ya tiba kutoka katika vitabu vya Kisanskriti, Kiarabu, Kiajemi, Kiurdu na Kitamil, na kuyapanga kwa lugha na uainishaji ambao mchunguzi wa hataza anaufahamu. Mwaka 2009 wachunguzi wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya walifunguliwa hazina hiyo waitumie kazini. Barani Afrika, nchi wanachama wa ARIPO, jumuiya ya miliki ubunifu iliyoasisiwa kwa Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1976 na yenye makao yake Harare, zilipitisha mwaka 2010 Itifaki ya Swakopmund juu ya kulinda elimu ya asili, nayo ikaanza kutumika mwaka 2015 kwa nchi zilizoiridhia.

HALI YA VISIWANI

Kwa upande wa Zanzibar, mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Mali za Viwanda Namba 4 ya mwaka 2008. Mwaka 2012 ilitungwa sheria iliyoanzisha Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, ambao ndio wenye kazi ya usajili. Inafaa ikumbukwe kwamba mali za viwanda si miongoni mwa Mambo ya Muungano. Kwa hivyo, aliyesajili hataza au alama ya biashara Dar es Salaam peke yake hajawa amesajili Zanzibar, na wa Zanzibar hali kadhalika kwa Tanzania Bara.

Wananchi wanaweza kufaidika vipi? Uchukuliwe mfano wa mwani, ambao kilimo chake cha biashara kilianza hapa mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambao wakulima wake walio wengi ni wanawake. Mkulima hupata bei ndogo anapouza mwani mkavu usiosindikwa. Shida zake zinajulikana: kuukausha wakati wa mvua, kuuvuna bila ya kuvunjika mgongo, na kuufanya sabuni au bidhaa nyengine. Kila shida katika hizo ina alama yake katika Uainishaji wa Kimataifa wa Hataza, uliotokana na Mkataba wa Strasbourg wa mwaka 1971. Kilimo cha mwani kimo katika A01G 33, uvunaji wa mimea ya majini katika A01D 44, mitambo ya kukaushia katika F26B, na sabuni katika C11D. Mwenye karafuu, mkaratusi au mlangilangi naye atazame C11B 9, penye mafuta ya harufu.

Faida ya alama hizo ni kwamba hazina lugha. Asiyejua neno la Kijapani la mwani akiandika A01G 33 ataletewa hati za Kijapani pamoja na michoro yake, na mchoro mzuri fundi huusoma bila ya mkalimani. Akishapata hati inayomfaa, aangalie tarehe yake, nchi zilikoombwa hataza, na kama bado ingali na nguvu. Hati ya miaka thelathini iliyopita huenda isiwe ya kisasa, lakini mara nyingi chombo cha zamani chenye sehemu chache ndicho kinachoweza kuchongwa na kuchomelewa hapa hapa.

TAHADHARI

Yapo mambo ya kuchunga. Kwanza, mwenye uvumbuzi wake mwenyewe asiuoneshe hadharani kabla ya kupeleka ombi. Kwa sheria za nchi nyingi, kitu kilichooneshwa kwenye maonesho, kikaelezwa kwenye redio au kikauzwa sokoni, upya wake umeondoka. Zipo nchi zinazotoa muhula, lakini Ulaya haimsamehe mtu ila kwa sababu chache sana. Pili, ukimya wa hazina si ushahidi kamili wa upya, kwani maombi ya karibuni huwa hayajachapishwa. Tatu, tafsiri ya mashine ni ya kufahamia maana tu. Katika shauri la haki lazima itumike hati ya asili na mwanasheria.

Nne, na hili ndilo kubwa zaidi, elimu iliyobaki vifuani haionekani na mchunguzi aliyekaa mbele ya kompyuta ugenini. Mwenye kuijua dawa, rangi ya mkoko, namna ya kuunda jahazi au ya kuhifadhi samaki, ashauriane na jamaa zake na wazee wa mji wake, kisha na wataalamu, juu ya lipi liandikwe na lipi libaki siri. Uamuzi huo ni wao. Ila wauamue kwa kujua, wasiachie usahaulifu uwaamulie.

Ofisi hubadilishwa majina, makabati yakawa diski, na diski zikawa mtandao. Mabadiliko hayo yote yamefanya jambo moja la haki, nalo ni kuifikisha taarifa mlangoni kwa asiyekuwa na kitu. Lakini kitabu kilichofikishwa mlangoni na kisifunguliwe, kwa mwenye nyumba hakina tofauti na kile kilichobaki Vienna. Walimu waziingize alama hizi katika masomo ya ufundi, vyama vya ushirika viwatume vijana wao wajifunze kutafuta, na mwenye swali asione haya kwenda kumuuliza Mrajis. Kuuliza si ujinga.